Sindano Yenye Macho

Anayetaka kujua mwili wa binadamu unaweza kubebeshwa nini, aende Soko la Tandale, jijini Dar es Salaam, alfajiri, malori yanapofunuliwa maturubai. Mchele wa Mbeya, maharage ya Rukwa, mahindi ya Ruvuma, ulezi, karanga. Hili ni soko la jumla la nafaka, na wenye maduka wa Sinza, Manzese na Mwananyamala hufika hapo kabla jua halijakaza. Kati ya lori na stoo hakuna mashine. Kuna makuli. Wawili juu ya lori wanalisukuma gunia, mmoja anainama chini yake, shingo na bega vinalipokea, na safari inaanza juu ya matope huku mbebaji akipaza sauti: "Njia! Njia!"

Gunia lenyewe ndilo mkasa. Wakala wa Vipimo hukumbusha mara kwa mara kwamba gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na kwamba lumbesa, lile gunia lililoongezwa kichwa na kushonewa kamba, ni kosa kisheria. Anayetetewa hapo ni mkulima anayepunjwa, na ni haki yake. Kuli hatajwi. Kwa sheria ya vipimo, kilo 100 kamili ni mzigo halali, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja ushushwe hadi kilo 55. Zile 45 zinazobaki hulipwa na kano za mabega, gegedu za magoti na pingili za kiuno.

Mmoja wa waliolipa alikuwa mzee wa mtaa wa Pakacha. Vijana wa sokoni walimwita Mjomba, na kwa mwandishi wa makala haya alikuwa mjomba kweli, ndugu wa mama yake. Bega la kulia lilianza kumsumbua usiku. Mchana alibeba kama kawaida, lakini ikifika saa nane za usiku aliamka na kukaa kitako, mkono ameukumbatia. Baadaye hakuweza kufikisha mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kuvaa shati kukawa kazi ya watu wawili.

"Baridi yabisi tu hii," alisema. "Itapita."

Haikupita. Kilichofuata ni mzunguko ambao familia nyingi za Tandale zinaujua kwa moyo. Kwanza duka la dawa, vidonge vya diklofenaki vilivyokatwa kwenye karatasi yake, viwili asubuhi na viwili jioni, bila swali lolote kuhusu vidonda vya tumbo, presha wala figo. Kisha mafuta ya kuchua. Kisha hijama, vikombe mgongoni na damu nyeusi ikionyeshwa kama ushahidi. Kisha zahanati ya uchochoroni na sindano ya makalio, ambayo mtaani ina heshima kuliko kidonge chochote. Mgonjwa aliyekwenda kutibiwa akarudi bila kuchomwa huonekana hajatibiwa.

Imani hiyo ya sindano ina historia chungu Afrika Mashariki. Mashariki mwa Uganda, hospitali ya Kumi imepokea watoto wengi ambao misuli ya makalio imegeuka kovu gumu, wengine mguu umepooza, na madaktari huko wamelihusisha tatizo hilo na sindano za msuli, hasa za kwinini enzi malaria ikitibiwa hivyo. Mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu hupita nyuma ya nyonga. Mkono usiojua unapopita unaweza kuugusa. Mjomba hakupata balaa hilo. Alipata nafuu ya siku chache, kila mara, na kila mara alizitumia siku hizo kubeba.

Halafu ikaja ile dawa ya unga. Muuzaji alipita sokoni na kipaza sauti akiahidi kuponya mgongo, magoti, mabega na nguvu za kiume kwa pakiti moja. Ajabu, ilifanya kazi. Ndani ya siku chache Mjomba aliinua mkono juu ya kichwa mbele ya watu na pale sokoni pakawa na foleni. Baada ya miezi kadhaa uso wake ulikuwa umejaa na kuwa wa duara, ngozi ya mikono ilichubuka kwa kuguswa tu, na sukari, ambayo hakuwahi kuwa nayo, ilipanda. Alipoacha, bega lilirudi na mwili mzima ukalegea.

Daktari yeyote akisomewa orodha hiyo ya dalili atawaza neno moja: steroidi. Hakuna aliyeupima unga ule, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Lakini kuchanganya steroidi za bei rahisi kwenye dawa za kienyeji ni hila inayojulikana duniani kote, na sababu yake ni kwamba steroidi kweli huondoa maumivu. Mwaka 1948 huko Mayo Clinic, Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa steroidi iitwayo kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ameshindwa kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Furaha haikudumu. Nyuso zilivimba, mifupa ikapungua nguvu, sukari zikapanda. Ndipo daktari Joseph Hollander wa Philadelphia alipoanza, mwaka 1951, kuidunga dawa ya jamii hiyo ndani ya kiungo kinachouma chenyewe, kwa kiasi kidogo, ili mwili wote usilipe deni la goti moja. Wazo lake ndilo msingi wa sindano za viungo hadi leo. Tatizo lake nalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: je, dawa imefika mahali pake?

Swali hilo si la kipuuzi. Mwaka 1997 madaktari wa Dublin, Ireland, walichoma sindano za bega kwa wagonjwa 38 kwa kupapasa mifupa tu, wakachanganya dawa ya rangi inayoonekana kwenye picha, kisha wakaangalia ilikoishia. Sindano 14 tu ndizo zilizokuwa zimefika palipokusudiwa. Waliochoma walikuwa wataalamu wa viungo, watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Zahanati ya uchochoroni haimo katika hesabu hiyo.

Kupapasa bila kuona si jambo geni Tandale. Kabla ya Agosti 2011, mtu aliyeitafuta Tandale kwenye ramani za mtandaoni alikuta karibu eneo tupu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na vijana wa mitaa walipita na vifaa vya GPS vichochoro vya Mtogole, Mkunduge, Kwa Tumbo, Sokoni na kwingineko, wakaweka kwenye ramani vyoo, mabomba, mitaro na madampo palipokuwa hapana kitu. Watu walikuwa wameishi pale miaka yote bila ramani kuwaonyesha. Bega la Mjomba lilikuwa katika hali hiyohiyo. Lilikuwa limechuliwa, limenyonywa damu, limetibiwa kwa mdomo na kwa makalio, na, ukiacha eksirei moja iliyotoka safi, hakuna aliyekuwa ameliangalia ndani.

Aliyeliangalia alikuwa daktari wa kike, kijana, katika chumba chenye giza cha hospitali moja ya jiji. Alimsalimia kwanza: "Shikamoo, baba." "Marahaba, daktari." Akamuuliza kazi yake, akauliza gunia linakaa bega gani, akamgeuza mkono huku na huku, akabonyeza. Dakika nyingi zilipita kabla hajagusa mashine. Ndipo akapaka jeli ya baridi na kuweka kichwa cha altrasaundi juu ya bega.

Mjomba alishtuka. "Kwani mimi nina mimba?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Tandale nzima inaijua altrasaundi kama mashine ya wajawazito, na kwa kweli ilianzia karibu na huko. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye watu wakajua kinyume chake: zikipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti. Miaka ya 1950 daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, aliazima wazo la mashine zilizokuwa zikikagua nyufa ndani ya vyuma viwandani, na mwaka 1958 akachapisha picha za matumbo ya wagonjwa wake. Sauti hiyo hatuisikii. Sikio letu linakomea mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kichwa cha mashine kinachofaa kwa bega hutoa kati ya milioni 7 na milioni 15. Inasafiri ndani ya nyama kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, inagonga kano, maji, mfupa, inarudi, na kompyuta inapanga mwangwi ule kuwa picha.

Hapa pana jambo ambalo mgonjwa mwerevu anapaswa kulijua. Kile kichwa kikubwa chenye umbo la upinde kinachotazama mtoto tumboni kimetengenezwa kuona mbali, kwa mitetemo michache zaidi na picha yenye maelezo machache. Bega, kifundo cha mkono na kisigino vinahitaji kichwa bapa chenye mitetemo ya juu, kinachoona karibu lakini kwa undani. Zahanati inaweza kuwa na mashine halali kabisa ya wajawazito isiwe na uwezo wa kuona kano iliyochanika. Isitoshe, kano ina ujanja wake. Ukiinamisha kichwa cha mashine kidogo tu, kano nzima isiyo na kasoro hugeuka nyeusi kwenye kioo na kuonekana imekatika. Mwenye uzoefu hulijua hilo na kurekebisha mkono. Asiye nao huandika ripoti.

"Baba, tazama hapa," daktari alisema, akageuza kioo. "Huu mstari mweupe ni mfupa. Hii yenye nyuzinyuzi ni kano yako. Hapa imelika, lakini haijakatika yote. Na hapa juu yake, hiki cheusi, ni maji. Hapatakiwi kuwa na maji mengi hivi. Sasa inua mkono taratibu."

Mjomba akainua. Kwenye kioo kano ilisogea, ikafika chini ya mfupa wa juu, ikajikunja, ikakwama. Wakati huohuo akaguna.

"Kumbe ni pale!"

Kwa mpwa aliyekaa kwenye benchi, hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya kwanza. Tajiri wa stoo alikuwa amemwita mzee mvivu. Jirani alisema amerogwa. Yeye mwenyewe alianza kuamini mojawapo, na haikujulikana ipi. Sasa kulikuwa na kitu kinachoonekana, kinachotembea, kinachouma sekunde ileile kinapokwama. Eksirei ya siku za nyuma haikuonyesha kitu kwa sababu eksirei huona mfupa, na mfupa wake ulikuwa mzima.

Sindano yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo yake. Ngozi ilisafishwa, ganzi ikawekwa, sindano nyembamba ikaingizwa kwa ubavu ili ilale sambamba na uso wa kichwa cha mashine. Ikilala hivyo hung'aa kama mstari. Ikisimama wima hupotea machoni. Daktari aliifuata hadi kwenye ule weusi, akasukuma, na weusi ukafunguka. Ganzi ilikuwa imechanganywa na kiasi kidogo cha steroidi. Dakika chache baadaye Mjomba aliinua mkono hadi sikioni. Ganzi hiyo ilikuwa na kazi ya pili: maumivu yakikatika palepale, daktari anajua amemkamata mhalifu mwenyewe, siyo jirani yake.

Makala nyingi za afya zingeishia hapa, kwa picha ya mzee anayetabasamu. Utafiti haukubali. Mwaka 2009 madaktari wa Oslo, Norway, waliwagawa wagonjwa 106 wa bega katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilichomwa steroidi kwenye bega kwa kuongozwa na altrasaundi. La pili lilichomwa steroidi ileile kwenye makalio. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya majaribio mengi ya namna hiyo, yalifikia hitimisho la karibu na hilo: kwa maumivu ya bega, kuiongoza sindano kwa altrasaundi huenda kunaongeza nafuu kidogo sana au hakuongezi kabisa.

Je, wauza sindano za makalio wa Tandale walikuwa sahihi? Hapana. Za Oslo zilikuwa steroidi, zikatolewa na watu waliokwisha kumpima mgonjwa na kujua ana nini. Lakini matokeo hayo yanaondoa uganga ulioanza kuizunguka mashine hii. Thamani ya altrasaundi kwa Mjomba haikuwa kulenga shabaha pekee. Ilikuwa kujua kwamba kano haijakatika yote, kwa hiyo upasuaji hauhitajiki, kwamba maji yale hayakuonekana kuwa usaha, na kwamba kuna mjongeo fulani unaoleta maumivu na mwingine usioleta. Anayelipia sindano ya gharama kubwa bila kupewa maelezo hayo amenunua mwanga wa kioo. Kuna mahali ambapo kulenga kwenyewe ni suala la usalama, kwa mfano karibu na mishipa ya fahamu ya kifundo cha mkono au karibu na pafu, na hapo mashine haina mbadala mzuri.

Kazi kubwa ilianza baada ya chumba cha giza. Mtaalamu wa fiziotherapia alimkabidhi Mjomba mazoezi ya kuudhi kwa urahisi wake: kuinama na kuuning'iniza mkono uyumbe, kutambaza vidole ukutani kama anapanda, kuvuta mpira. Mpira wa hospitali ulikuwa na bei, kwa hiyo ukakatwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukafungwa kwenye nondo ya dirisha. Steroidi ya bega hupungua nguvu ndani ya wiki au miezi. Muda huo wa kupumua ndio wa kuijenga misuli inayoshikilia bega. Asiyeutumia hurudi alikotoka, safari hii akiwa na kano iliyozeeka zaidi.

Majaribio ya kiwiko yameonyesha hatari hiyo waziwazi. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 165 wenye maumivu ya nje ya kiwiko, yale yanayowapata mafundi rangi, waashi na wapiga nyundo. Waliochomwa steroidi walifurahi wiki za mwanzo. Baada ya mwaka mmoja, hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya waliochomwa dawa isiyo na kitu, na waliorudiwa na tatizo walikuwa wengi zaidi. Huenda sindano ilikuwa imemnyamazisha mlinzi, yaani maumivu.

Mjomba naye alijaribiwa. Bega lilipotulia, tajiri alimwita: msimu wa mpunga umeingia, malori yamejaa. Alikwenda. Wenzake walitaka abebe, akabeba kidogo, na usiku ule akakaa kitako tena. Kilichomwokoa ni mpangilio uliofanyika stoo, wala si hekima ya ghafla. Alipewa sindano ya aina nyingine, ile ndefu ya kushonea magunia, na daftari la kuhesabia. Malipo yalikuwa madogo kuliko ya kubeba. Bega lilipona kwa sehemu kubwa, ingawa hadi leo hafikishi mkono katikati ya mgongo.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mama mpika chapati. Magoti yake yalikuwa yamechakaa kwa miaka ya kuchuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Alipewa sindano ya steroidi, akapata nafuu, akarudi, akapata tena, ikawa ratiba. Hapo kuna jaribio la Marekani la mwaka 2017 lenye watu 140: nusu walichomwa triamsinoloni gotini kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana kwa maana yoyote, na gegedu za waliopata steroidi zilipungua zaidi. Sindano moja goti lililovimba linapowaka ni jambo moja. Ratiba ya miaka ni jambo jingine, na mama wa chapati hakuwahi kuambiwa tofauti hiyo.

Kisha akaambiwa, katika kliniki moja ya kulipia, kwamba kuna tiba ya kisasa zaidi: damu yake mwenyewe itachukuliwa, itazungushwa kwenye mashine, chembe sahani zitachujwa na kurudishwa gotini. Wanawe walianza kuchanga. Tiba hiyo ipo na hutolewa duniani kote, ina watetezi makini na imesaidia baadhi ya wagonjwa kwa maneno yao wenyewe. Lakini jaribio kubwa la Australia la mwaka 2021, la watu 288 wenye magoti ya aina hiyo, halikuona tofauti ya maana kati yake na maji ya chumvi baada ya miezi 12, si kwa maumivu wala kwa gegedu. Aliyewashauri wanawe wasimamishe mchango alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alipendekeza wanunue meza na jiko la kusimamia. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 156 wenye magoti yaliyochakaa: waliofanyiwa fiziotherapia walikuwa na maumivu na udhaifu mdogo kuliko waliochomwa steroidi, mwaka mmoja baadaye. Meza ilinunuliwa. Mama anasimama sasa, anatembea asubuhi kuelekea Sinza na kurudi, na bado analalamika, kwa sababu magoti ya miaka sitini hayarudi kuwa ya ishirini.

Na kuna kijana wa bodaboda wa kijiwe cha Kwa Tumbo. Mgongo wake uliuma miezi mingi. Kila mtu alilaumu pikipiki. Alichuliwa, akachomwa, akauliza kuhusu ile sindano ya bega la mzee, kama inaweza kuwekwa mgongoni. Mhudumu makini alimuuliza maswali mengine kabisa. Unatoka jasho usiku? Umepungua? Una homa za jioni? Majibu yote yalikuwa ndiyo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza London mwaka 1779 na ambao haujaondoka Afrika Mashariki. Altrasaundi haivuki mfupa, kwa hiyo hapo ilikuwa haina la kusema. Zilihitajika picha nyingine na vipimo vingine. Steroidi ingeshusha kinga yake wakati vijidudu vikila pingili. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, akazinywa kwa miezi mingi, akapona bila kupooza.

Nchi yenyewe imepiga hatua ambazo mtaani hazijasikika sana. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1996, kwa miaka mingi imefundishana na wapasuaji wa nje, akiwemo Roger Härtl wa New York, bingwa wa upasuaji wa mgongo kwa matundu madogo. Hospitali ya CCBRT hunyoosha nyayo za watoto zilizopinda kwa plasta na tundu dogo la kukata kano ya kisigino, mahali ambapo zamani ungefanyika upasuaji mkubwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili na chuo cha MUHAS, kwa ushirikiano na wataalamu wa Yale, walianza mwaka 2018 mpango wa kufundisha madaktari kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha, na mwaka 2019 masomo ya shahada ya fani hiyo yakaanza hapohapo. Kaskazini, watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Glasgow wamekuwa wakipima mzigo wa magonjwa ya viungo katika wilaya ya Hai. Vichwa vya altrasaundi vinavyochomekwa kwenye simu vimeshawafikia wakunga nchini Kenya.

Vifaa vitakuja Tandale. Kinachosumbua ni kama vitakuja pamoja na watu waliofunzwa kuvitumia. Mashine ya simu mikononi mwa asiyejua kano inavyobadilika rangi itazaa ripoti za uongo kwa kasi kubwa zaidi, na sindano nyingi zaidi zisizohitajika. Ingetakiwa kuanza na fiziotherapia katika vituo vya afya vya kata, kwa sababu ni nafuu, ushahidi wake ni mzuri, na haihitaji chumba cha giza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kuli anayelipwa kwa gunia atajua inamhusu siku mazoezi tiba yatakapolipiwa karibu na kwake, badala ya kulazimika kupoteza siku ya kazi kwenda Muhimbili. Na Wakala wa Vipimo, wanapokagua lumbesa pale sokoni, wana mizani mkononi: wakae na wenzao wa usalama mahali pa kazi, wapendekeze gunia la kilo 50. Saruji hufungwa kwa kilo 50 na hakuna ujenzi uliosimama.

Kwa msomaji mwenye bega, goti au kiuno kinachouma: kabla ya kukubali sindano, muulize mchomaji ameona nini, kuna dawa gani ndani yake na kiasi gani, na baada yake utafanya nini. Omba aandike kwenye karatasi, uitunze. Mwambie kama una kisukari, maana sukari itapanda kwa siku kadhaa, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu, au miguu ikifa ganzi na mkojo ukakataa kutoka au kujizuia, usimtafute mchuaji wala mwenye sindano. Nenda hospitali siku hiyohiyo.